Mnoko Amekataa

Kompyuta ya Mama Mapacha ilikuwa imehudhuria misiba mingi kuliko baadhi ya shangazi zake. Ilikwenda harusini, ilikwenda kwenye vikao vya wazazi, ilikaa mapajani kwa daktari wa meno. Siku ya kujifungua ilikuwamo kwenye begi pamoja na nepi, na mkunga alipouliza ni kitu gani kizito hivyo, alijibiwa bila haya kwamba ni kazi.

Kazi yenyewe ilihusu tiketi za mabasi. Yeye na wenzake waliandika programu inayomwezesha abiria kuchagua basi, siku na kiti kwa simu yake, bila kusukumana dirishani. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja kirefu juu ya duka la vioo, na kutwa nzima walisikia vioo vikikatwa huko chini, mlio wa kukwaruza meno. Mkuu wao aliwaletea wateja, na baadaye akawaletea lawama za wateja. Msanii, mwanamume mwenye ndevu alizozitunza kama bustani, alibuni sura ya programu, yaani vitufe na rangi na michoro ya viti anayoiona abiria. Mpimaji, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya polepole, alilipwa kujaribu kuharibu walichojenga wengine kabla wateja hawajakiharibu wenyewe, na kazi hiyo aliifurahia kupita kiasi. Mama Mapacha aliandika moyo wa mambo: nani kapata kiti gani, kwenye basi lipi.

Zamani kila mmoja alikuwa na nakala yake. Ukibadilisha kitu unamtumia mwenzio kwa barua pepe, faili limeandikwa "la mwisho". Kesho yake linakuja "la mwisho kabisa". Keshokutwa "la mwisho kweli kweli, acheni lile jingine". Kisha Mama Mapacha anakusanya vipande, anavishona kwenye kompyuta yake na kuliachia toleo jipya hewani kwa mkono wake. Hakuna mwingine aliyejua anavyoshona. Siku moja alishona nakala kuukuu juu ya mpya, kazi ya wiki nzima ya Msanii ikayeyuka, na Msanii akanuna mpaka watu wa duka la vioo wakauliza kuna nini huko juu.

"Sasa mimi ningejuaje nakala ipi ndiyo yenyewe?" Mama Mapacha alimwuliza.

"Niliandika la mwisho."

"Yote yameandikwa la mwisho, baba. Kwenu mna vitinda mimba wangapi?"

Ndipo akaajiriwa mtu mmoja kutoka kampuni kubwa. Walimwita Mgeni asubuhi aliyoingia, na jina likamganda hata alipokuwa amezoea kelele za vioo kuliko wao. Alikuwa mtu mpole, mwenye kuongea amekunja mikono kifuani kana kwamba anasikia baridi. Alizisoma barua pepe zote za "la mwisho", akakuna kichwa, akauliza mbele ya wote:

"Mama Mapacha akiugua, nani anaachia toleo?"

"Siugui," alisema Mama Mapacha.

"Akisafiri?"

"Nasafiri nayo."

Mkuu alicheka. Mgeni hakucheka. "Dada, samahani," alisema. "Hiyo siyo kazi. Hicho ni kitanzi."

Alichokitaka kilikuwa rahisi kukieleza na kigumu kukimeza. Programu yote iwekwe kwenye ghala moja la pamoja huko mtandaoni. Kila mtu achukue humo, abadilishe, arudishe humo. Ghala litakumbuka nani kagusa mstari upi na kwa sababu gani, na hakuna kazi ya mtu itakayofunikwa kimyakimya. Kitu chochote kisiingie mpaka mwenzako akisome na kukikubali. Na kabla hata ya mwenzako kukisoma, kuwe na mtambo huko huko mtandaoni utakaorudia majaribio yote ambayo Mpimaji alikuwa akiyafanya kwa kidole, moja baada ya jingine, bila kuchoka. Jaribio likifeli, alama nyekundu, na mlango unafungwa.

Mpimaji aliupenda mtambo huo kabla haujafika, na ndiye aliyeubatiza. "Huyu ni Mnoko," alisema. "Nyote mliosoma mlikuwa naye darasani. Yule kiranja ambaye hata shati likikutoka nyuma anakwenda kukusema kwa mwalimu."

Mama Mapacha alisema wanapoteza muda. Alisema wateja hawangoji ghala. Alisema mengi, isipokuwa lile lililokuwa moyoni: kwamba mwenye ufunguo hafukuzwi, na kila mtu akipewa ufunguo, yeye atabaki kuwa nani? Alikuwa na watoto wawili wa umri mmoja, wanaomaliza viatu siku moja, na mawazo ya namna hiyo hayamwendei mama kichwani tu, yanashuka mpaka tumboni.

Ghala likawekwa hata hivyo. Mara ya kwanza Mgeni aliposoma kazi yake humo, aliandika pembeni mwa mstari mmoja: Kwa nini hapa? Mama Mapacha alisimama, akavuka chumba, akaegemea meza ya Mgeni.

"Umeniuliza kwa nini."

"Ndiyo, dada."

"Mbele za watu."

"Ghalani. Ndipo mahali pa kuulizana."

"Mimi haya nimeanza kuyaandika wewe hujui kufunga kamba za viatu."

"Inawezekana kabisa," alisema Mgeni. "Lakini kwa nini?"

Alirudi mezani kwake kumwandikia jibu la kumnyamazisha, na alipotafuta jibu hakuliona. Mstari ule ulikuwapo kwa sababu ulikuwapo. Akaufuta, na uliofuata, na uliofuata huo, na kilichobaki kilikuwa kifupi na kilisomeka kama maneno ya mtu timamu. Hakushukuru. Lakini jioni ile alimwambia mumewe kwamba ofisini wamepata mtu mmoja msumbufu mwenye akili, na mumewe, fundi umeme asiyependa maneno mengi, akajua kwamba huyo mtu kakubalika.

Yakaanza kuzoeleka. Mnoko alimkatalia Msanii, akamkatalia Mgeni mwenyewe, na Mpimaji akawa anacheka polepole kila alama nyekundu ilipowaka, kama mtu anayesikia habari za jirani. Kila kosa lililowahi kuwaaibisha lilitungiwa jaribio lake, ili lisipite tena. Kubwa kati ya hayo lilikuwa la kiti cha dereva. Waandishi wa programu huanza kuhesabu kutoka sifuri, na Mama Mapacha, katika kupanga viti, sifuri alikuwa amempa dereva. Abiria wanaanza na moja kama watu wengine. Siku moja hesabu hizo mbili ziligongana, na mzee mmoja akapanda basi na tiketi halali mkononi, akamwambia dereva ashuke. Dereva alikataa. Mzee akasema yeye amelipa, je, dereva amelipa? Kampuni ya mabasi ilipiga simu. Tangu siku ile Mnoko alijua kwamba pale pana mtu na usukani wake.

Kitu kimoja tu Mama Mapacha hakukipeleka ghalani: mshono wa mwisho, yale maagizo ya kuliachia toleo hewani. Hayo yalibaki kwenye kompyuta yake. Akiulizwa, alisema wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa na wiki ijayo yake.

Sasa, mama yake mzazi alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alimwingia taratibu, macho yote mawili, na kufikia siku mapacha walipozaliwa alikuwa anaona mwanga na vivuli, basi. Aliwalea hivyo hivyo. Aliwajua kwa nywele, kwa vishindo, kwa namna kila mmoja anavyovuta pumzi kabla ya kusema uongo. Huyu aliyetangulia kuzaliwa walimwita Mkubwa, mwingine Mdogo, na walikuwa wamefanana hivi kwamba baba yao mwenyewe aliwaita wote "mama", ili asikosee. Bibi hakuwahi kukosea.

Madaktari walisema jicho linaweza kusafishwa, si jambo kubwa. Tarehe ilipangwa. Asubuhi hiyo programu ya tiketi ilikwama, na mwenye ufunguo alikuwa mmoja. Mama Mapacha alimfikisha mama yake wodini, akakimbilia ofisini kwa saa moja, na saa ile ikajivuta mpaka mchana. Aliporudi alimkuta mama yake amekaa kwenye benchi nje, amevaa viatu vyake, mkoba mapajani.

"Wameniambia nilale nipakwe dawa," alisema mama. "Nikauliza mwanangu yuko wapi. Wakasema, bibi, usijali, tupo sisi. Nikawaambia ninyi ni nani?"

"Mama, wale ni madaktari."

"Ni sauti. Mimi kwangu kila mtu ni sauti. Nikifumbuliwa jicho nataka wa kwanza kumwona awe wewe, siyo koti jeupe. Kama huna nafasi, sema tu. Mimi na giza langu tumeshazoeana."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililochoma. Ilichukua muda mrefu kumrudisha kwenye njia ya hospitali. Dada yake Mama Mapacha alibembeleza, majirani wakabembeleza, hata mapacha walitumwa. Mwishowe alikubali kwa sharti moja. Apasuliwe nani akiwapo, hilo halikumhusu sana, kwa kuwa atakuwa ameshalala. Bandeji itakapofunguliwa asubuhi ya pili, mwanawe awe mbele yake. "Akikosekana safari hii," alimwambia dada mtu, "msinipeleke tena jicho la pili. Sitakwenda."

Mama Mapacha aliomba likizo ya siku mbili. Mkuu akatia saini bila kuangalia tarehe. Kesho yake akaja ameshika simu, uso umemparama.

"Kampuni ya mabasi wameleta mabasi ya ghorofa," alisema. "Shule zinafungwa, wanataka viti vya ghorofa vianze kuuzwa siku ileile."

"Ipi?"

Mkuu akaitaja. Ilikuwa asubuhi ya bandeji.

Huko chini vioo viliendelea kukatwa.

"Mimi siji," alisema Mama Mapacha.

"Hata saa moja?"

"Saa moja naijua mimi. Nimeshaikopesha hii ofisi, haikurudi."

"Sasa nani ataachia toleo?"

Hakuna aliyemtazama, na kwa kutomtazama huko wote walikuwa wanamtazama yeye. Kitanzi alichoambiwa na Mgeni kilikuwa chake, kafunga mwenyewe, kwa fundo zuri. Akapiga moyo konde, akaifungua kompyuta.

"Mgeni, vuta kiti," alisema. "Nakuletea ule mshono. Na usiniulize kwa nini sikuuleta mapema."

"Sikuuliza."

"Umefikiria."

Waliyapeleka maagizo ghalani, Mgeni akayajaribu kwenye kompyuta yake. Yalikwama hapo hapo. Mpimaji alisogea kusoma, akaanza kutabasamu kabla hajamaliza. Maagizo yale yalikuwa yanatafuta mkoba wa mafaili uitwao "mambo yangu", kwenye kompyuta ya Mama Mapacha, upande wa kulia, chini ya picha ya mapacha wakioga kwenye beseni. Humo ndimo zilimokaa nywila na orodha za mabasi na kila kitu. Bila beseni lile, hakuna basi ambalo lingeuza kiti.

"Kwa hiyo," alisema Mpimaji kwa sauti yake ya polepole, "kampuni nzima ya mabasi imekaa ndani ya mambo yako."

"Yamekaa vizuri, hayajapotea."

"Sijasema. Nasema tu yamekaa."

Hata Mama Mapacha alicheka. Wakafanya kazi alasiri yote, yeye na Mgeni bega kwa bega, wakitoa kimoja kimoja kilichojificha kwenye mashine yake na kukiweka mahali ambapo kila mmoja wao angekifikia. Siku zilizofuata walifanya mazoezi kwenye seva ya majaribio. Msanii aliwekwa abonyeze. Alisogeza kidole, akakirudisha.

"Nikiharibu?"

"Unabonyeza hapa, linarudi toleo la jana," alimwambia Mgeni. "Ghala halisahau."

Msanii alibonyeza. Toleo likaenda lenyewe, hatua kwa hatua, kazi ambayo Mama Mapacha aliifanya kwa jasho na kwa kunyamazisha watoto. Aliisimamia mpaka mwisho, mikono kiunoni, kama anayetazama gari lake likiendeshwa na mtu mwingine na kuona kwamba linakwenda.

Upasuaji ulikwenda salama. Asubuhi ya pili Mama Mapacha alikuwa kwenye benchi la korido mapema kuliko wafagiaji. Daktari alikuwa anapita wodi kwa wodi, angefika akifika. Kompyuta alikuja nayo. Alijiambia ni tahadhari tu, mtu haendi mvuani bila mwavuli.

Simu ikatikisika. Alikuwa Mgeni.

"Dada, samahani. Mama vipi?"

"Bado. Sema."

"Kampuni wametuletea ramani ya viti asubuhi hii, ya mwisho."

"La mwisho kabisa?"

"Ndiyo hiyo. Sisi tulipanga ghorofa ya juu ihesabiwe upya kuanzia mwanzo. Wao juu wanaendeleza kutoka chini. Kwenye majaribio tuna watu wawili wenye kiti kimoja, mmoja juu, mmoja chini. Tunatafuta wapi pa kugusa."

Yeye alipajua. Alipaona kichwani kama anavyoona kabati la jikoni kwake. "Nipe dakika," alisema, na akili ya zamani ikamrukia: wewe ndiye, ni wewe tu. Aliifungua kompyuta mapajani, akabadilisha mistari michache, akaondoa moja hapa, akaongeza pale, akatuma ghalani. Akangoja.

Nyekundu.

Akasoma juu juu, akaona ni jaribio la zamani, halihusu ghorofa. Akaona Mnoko anamletea unoko asubuhi ya siku kama hii. Akampigia Mgeni.

"Mzime."

"Nani?"

"Mnoko. Mzime kidogo nipitishe hii, nitamwasha mwenyewe."

Mgeni hakupandisha sauti. "Naweza kumzima, dada. Ni kitufe. Ila nisomee kwanza alichoandika, neno kwa neno."

"Ameandika jaribio la kiti cha..." Akaishia hapo. Aliirudia mistari yake. Ile moja aliyoiondoa ili ghorofa ya juu iendelee vizuri ilikuwa imewasukuma watu wote wa chini kiti kimoja mbele. Na wa mbele kabisa, aliyekosa pa kwenda, alikuwa amekaa kwenye usukani.

Kwa mbali, kwenye simu, alimsikia Mpimaji: "Mwambie kamuuza dereva tena."

Shule zimefungwa, mabasi yote yamejaa, na kila basi la kampuni ile lingekuwa na abiria mmoja akimwamuru dereva ashuke. Yote hayo kwa haraka yake, kwa kidole chake. Lilimzuia jaribio alilolitunga Mpimaji zamani huku akicheka, na mtambo ambao yeye mwenyewe alikuwa ameomba uzimwe.

Mlango wa wodi ulifunguka. Muuguzi akatoa kichwa. "Ndugu wa bibi wa jicho la kulia. Daktari yupo naye, ana wagonjwa wengine, hawezi kungoja."

Na kutoka ndani, sauti ya mama yake, kavu: "Msinifungue. Amekuja? Sijamsikia."

Mama Mapacha alikuwa na kompyuta mapajani, alama nyekundu inamtazama, simu sikioni. Aliinuka nusu, akakaa tena. Kurekebisha si kitu kirefu. Dakika. Dakika chache.

"Dada." Alikuwa Msanii kwenye simu sasa. "Nimeshaifungua kazi yako. Naona ulichotaka. Niache nimalizie."

"Wewe ni mtu wa rangi."

"Mimi ndiye niliyezichora hizo siti za ghorofa, moja moja. Na nimesoma kila ulichoandika tangu tuanze kusomana. Kwenye ile mistari juu umeeleza mwenyewe dereva anakaa wapi na kwa nini."

"Ukikosea?"

"Akikosea Mnoko atamsema," sauti ya Mpimaji iliingilia, "kama alivyokusema wewe. Mgeni atasoma, na mimi nitasoma. Wewe una kazi gani tena hapa? Nenda kwa mama yako."

Mumewe alikuwa anakuja koridoni, pacha mmoja kila mkono. Mama Mapacha alimsukumia kompyuta kwapani kama mtu anayekabidhi mtoto aliyejichafua, simu akaizima, akaingia.

"Mama, nipo."

"Nilikuwa nataka kuomba viatu vyangu."

"Nipo. Nimesimama mbele yako."

Daktari alikuwa mwanamke mfupi asiye na maneno. Alibandua utepe taratibu, akaondoa pamba, akafuta. "Fungua polepole," alisema, akasogea pembeni. Mama Mapacha alimshukuru moyoni kwa hatua ile moja ya pembeni, kwamba koti jeupe halikukaa katikati.

Jicho lilifunguka, jekundu, lina maji. Lilihangaika kwanza kwenye dari, likashuka, likamfikia. Likakaa.

Mama akanyoosha mkono, akamshika kidevu, akamgeuza kushoto, akamgeuza kulia, kama anayekagua bidhaa.

"Una mvi," alisema.

"Ni kazi, mama."

"Na umenenepa."

"Hiyo si kazi."

Mama alicheka, na machozi yakamtoka jicho moja tu, lile lililofunguliwa, mpaka daktari akasema asilie, dawa itatoka. Mama Mapacha alilia kwa niaba ya wote wawili. Hakuna aliyemkataza yeye.

Mapacha waliingizwa. Walikuwa wameambiwa wasipige kelele, kwa hiyo walisimama wima kama wanaopigwa picha, nguo sawa, viatu sawa, macho yamewatoka. Bibi yao aliwatazama. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akarudi kwa wa kwanza. Uso ukaingiwa na wasiwasi.

"Yupi ni yupi?"

"Bibi," alisema mmoja, ameshtuka kweli, "kwani umetusahau?"

"Subiri." Akafumba jicho. Akanyoosha mikono yote miwili, akapapasa vichwa, nywele, masikio, bila haraka. "Haya. Huyu Mkubwa. Huyu Mdogo, na hajachanwa vizuri." Kisha, mikono ikiwa bado juu ya vichwa vyao ili wasibadilishane, akalifungua jicho tena, aone anaowajua wanafananaje.

Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Hata daktari, mwenye wagonjwa wengine, hakuondoka upesi.

Baadaye, mama alipokuwa amepewa chai na kulalamika kwamba hakujua hospitali ni chafu hivi, Mama Mapacha aliiwasha simu. Ujumbe ulikuwa umepangana. Msanii alituma marekebisho, Mnoko akamkatalia. Msanii alituma tena. Kijani. Mgeni alisoma akauliza kwa nini, Msanii akajibu, Mpimaji akasoma akapitisha. Kisha Mpimaji: Msanii amebonyeza. Hajazimia. Kisha Mkuu, ambaye kwa kawaida haandiki ila kulaumu: Viti vya ghorofa vimeanza kutoka. Cha kwanza kununuliwa ni cha mbele juu, penye kioo kizima. Na Mgeni: Tusalimie mama.

Iliuma kidogo, kusema kweli. Miaka yote aliamini kwamba akiondoa mkono dari litaanguka, na leo aliondoa mkono, na dari likabaki juu, watu chini yake wanataniana. Lakini maumivu yale hayakupata mahali pa kukaa. Alimtazama mama yake akisoma kwa sauti maandishi ya kwenye sanduku la glavu, neno baada ya neno, akijisifu. Akafikiri juu ya watu wanne juu ya duka la vioo ambao walikuwa wamemnunulia asubuhi hii. Wameinunua kidogo kidogo, miezi mingi, kwa kila "kwa nini" aliyoiona tusi, kwa kila jaribio lililomkera, kwa kila mara waliposoma kazi yake wakati yeye akidhani wanamchunguza.

Hakuwa mtu wa hotuba. Akabonyeza kinasa sauti, akakiweka karibu na mdomo.

"Nimewasoma," alisema. "Mama ameona. Nilikuwapo. Ahsanteni." Akafikiri. "Msanii, ahsante sana. Mpimaji, ahsante kwa lile jaribio, na usinikumbushe kila siku. Mgeni, nilitaka umzime, ukanisomesha. Mungu akulipe. Basi."

Majibu hayakukawia. Mpimaji aliandika: Kila siku hapana. Ijumaa tu.

"Unaongea na nani?" mama aliuliza kutoka kitandani.

"Watu wa kazini."

Uso wa mama ulibadilika. Aliuweka ule mtazamo mpya wa jicho moja juu yake, tayari kwa maudhi ya zamani. "Wanataka nini?"

"Hawataki kitu."

"Hawakuiti?"

"Hawaniiti, mama. Wamemaliza."

Mama alilipima jibu hilo. Kisha akajisogeza ukutani, akapiga godoro kwa kiganja mahali palipobaki.

"Basi vua viatu," alisema, "ukae. Nataka nikuangalie."